Kumsomea Mfungwa: Usomaji wa Hadharani na Uhakiki wa Ushairi wa Gerezani

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, swali la ushairi katika Karatasi ya Tatu ya Kiswahili (102/3) hutaka tubainishe nafsineni, toni, muundo na uhuru wa mshairi. Wengi wetu huyatafuta haya yote kwa macho tu. Kalamu hupita chini ya vina, mizani huhesabiwa kwa vidole, kisha jibu huandikwa. Shairi lenyewe huwa halijatamkwa hata mara moja.

Makala haya yananuia kuonyesha kwamba shairi lililotungwa gerezani halihakikiwi barabara mpaka lisomwe kwa sauti mbele ya watu. Ili kulithibitisha hilo, tutaangalia desturi ya waandishi ya kukutana na kuzisoma kazi za wenzao waliofungwa, wanaoteswa au waliokimbizwa makwao. Aidha, makala yanatoa onyo. Ukimsifu mshairi kwa sababu tu alifungwa, umemwachia askari jela kazi ya mhakiki.

Usomaji huu ni nini?

Chama cha kimataifa cha waandishi, PEN, kiliasisiwa London mwaka 1921. Mwaka 1960 kiliunda kamati ya kuwashughulikia waandishi waliofungwa, na tangu 1981 tarehe 15 Novemba huadhimishwa kuwa siku ya mwandishi aliye kifungoni. Katika siku kama hiyo waandishi hukusanyika ukumbini au hata barabarani, wakasoma kazi ya mtu ambaye mwenyewe hawezi kuisoma.

Chukua mfano wa Jack Mapanje wa Malawi. Diwani yake ilitoka mwaka 1981. Mwaka 1987 alitiwa ndani bila kushtakiwa, akakaa gerezani Mikuyu hadi 1991. Akiwa huko, waandishi wenzake, miongoni mwao Harold Pinter, walisimama nje ya ubalozi wa Malawi jijini London wakayasoma mashairi yake. Mfano mwingine ni Ashraf Fayadh, mshairi wa Kipalestina mzaliwa wa familia ya wakimbizi, aliyehukumiwa kifo nchini Saudia mwezi Novemba 2015. Tarehe 14 Januari 2016 mashairi yake yalisomwa katika nchi zaidi ya 40. Mwezi uliofuata hukumu ya kifo ilibatilishwa, akapewa kifungo cha miaka minane na viboko 800.

Usidhani basi kwamba usomaji ni ufunguo wa gereza. Ulimwengu mzima ulimlilia Ken Saro-Wiwa wa Nigeria, na bado alinyongwa tarehe 10 Novemba 1995. Usomaji hauna jeshi wala mahakama. Kazi yake ni nyingine, na kazi hiyo inatuhusu sisi wa fasihi moja kwa moja. Kumfunga mwandishi ni kumtenga na hadhira yake, na kumsomea ni kumrudishia hadhira hiyo.

Kamiti, jirani yetu

Sisi tunaofundisha hapa Kiganjo hatuna haja ya kwenda London kutafuta mfano. Gereza la Kamiti haliko mbali na Ruiru, na ndani yake zimetungwa kazi mbili ambazo mwalimu yeyote wa fasihi nchini Kenya anapaswa kuzijua.

Ya kwanza ni Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla. Mshairi huyu, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1946, alikuwa mfuasi wa chama cha upinzani cha KPU. Mwaka 1968 aliandika kijikaratasi kilichoitwa Kenya: Twendapi? Swali hilo lilimtia hatiani kwa uchochezi, akafungwa miaka mitatu, toka 1969 hadi 1972, huko Kamiti na Shimo la Tewa. Mashairi aliyatunga kifungoni na kuyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Diwani ilichapishwa mwaka 1973, na mwaka 1974 ikatunukiwa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Hebu litafakari hilo: tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi. Ukitaka kumfafanulia mwanafunzi kinaya, usiende mbali.

Ya pili ni riwaya ya Kikuyu ya Ngũgĩ wa Thiong'o, ambayo Waswahili waliipata mwaka 1982 kwa jina la Shetani Msalabani. Ngũgĩ alikamatwa tarehe 31 Desemba 1977, baada ya mchezo wa Ngaahika Ndeenda kupigwa marufuku huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Naye aliandika kwenye karatasi za chooni hadi alipoachiliwa Desemba 1978. Riwaya ilipotoka mwaka 1980, haikusomwa kimyakimya tu. Ngũgĩ mwenyewe ameeleza jinsi ilivyosomwa kwa sauti majumbani, kazini na hata baani, ambako msomaji hodari alinunuliwa kinywaji ili asinyamaze. Huo nao ni usomaji wa hadharani, na haukusubiri mwaliko wa chama chochote.

Zingatia pia yaliyofuata baada ya kifungo. Abdilatif alipotoka alihamia Tanzania, akafanya kazi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1979 alikwenda London kutangaza katika idhaa ya Kiswahili ya BBC, na baadaye akafundisha Leipzig, Ujerumani, tangu 1995 hadi 2011. Mwaka 1982 iliundwa London kamati ya kudai kuachiliwa kwa wafungwa wa kisiasa nchini Kenya, chini ya uenyekiti wa John La Rose. Abdilatif na Ngũgĩ, ambaye sasa naye alikuwa uhamishoni, walikuwa katika harakati hizo. Mwaka huohuo Alamin Mazrui, mwandishi wa tamthilia ya Kilio cha Haki (1981), alikuwa ametiwa kizuizini. Kwa hiyo mfungwa wa jana akawa mtetezi wa wafungwa wa leo. Kizuizi hicho nacho kilizaa diwani, Chembe cha Moyo (1988).

Uhuru wa mshairi asiye huru

Sasa tuingie katika fani, maana hapo ndipo watahiniwa wengi huteleza. Tumezoea kufundisha uhuru wa mshairi kama orodha: inkisari, mazida, tabdila, kuboronga sarufi, matumizi ya lahaja. Mwanafunzi huikariri, kisha huitumia kama mtu anayehesabu makosa yaliyosamehewa. Lakini je, uhuru huu una maana gani kwa mtu aliyenyimwa uhuru wote mwingine?

Tazama anwani ya shairi moja katika diwani hii, "N'shishiyelo ni lilo". Mwanafunzi wa Kiganjo aliyelelewa kwa Kikuyu na Sheng huiona kama fumbo. Mwalimu humwambia kwamba pana inkisari ya "ni" na lahaja ya Kimvita, basi wanasonga mbele. Isome kwa sauti mara tatu, kisha umwambie maana yake: lile nililolishikilia ni lilelile. Sauti ya "l" inarudi na kurudi, kama mtu anayejikumbusha neno asije akalisahau. Msimamo unaotajwa katika maana umekwisha kusikika katika sauti kabla ya ubeti wa kwanza. Jicho peke yake halilioni hilo.

Isitoshe, Kimvita hapa si pambo. Ni lugha ya nyumbani kwa mshairi, ambako ushairi wa siasa ulikuwa na mizizi tangu zama za Muyaka bin Haji. Tungo nyingi za Muyaka zilihifadhiwa vichwani mwa watu kabla ya kukusanywa na Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor. Vina na mizani ndivyo vilivyozibeba miaka yote hiyo. Kwa mfungwa asiye na karatasi, arudhi si minyororo. Ni kamba ya kufungia mzigo usimwagike njiani. Katika "Kuno Kunena" utasikia "k" na "n" zikigongana toka anwani. Mwambie mwanafunzi atamke, kisha aeleze kinywa chake kimefanya nini.

Kifungo si kipimo

Kuna mazoea mabaya katika majibu yetu. Mtahiniwa akishajua mtunzi alifungwa, kila shairi kwake huwa "linashutumu serikali katili". Akikutana na "Mamba", mamba ni serikali. Akikutana na "Jipu", jipu ni serikali. Hata utelezi wa baada ya mvua katika "Telezi" hugeuzwa serikali. Jibu la namna hii lina huruma lakini halina uhakiki.

Nakusihi ujaribu jambo moja. Wape wanafunzi "Mnazi: Vuta N'kuvute" bila kuwatajia mtunzi wala gereza. Ni shairi la majibizano, ambamo Alii na Badi wanaugombea mnazi. Waulize: nani ana haki? Katika darasa langu la Kidato cha Tatu mjadala huu huenda hadi kengele ilie, kwa sababu kila mhusika amepewa hoja na amepewa ulimi. Wengine huona ugomvi wa urithi, mambo wanayoyajua vyema huku kwetu ambako shamba la babu hukatwa vipande. Wengine huona utawala na raia. Baada ya hapo ndipo huwaeleza shairi lilitungiwa wapi. Mara hiyo historia huja kuongeza maana, haiji kuchukua mahali pake. Wanaanza kushangaa kwamba mtu aliyefungwa na upande mmoja bado aliuachia upande wa pili nafasi ya kusema.

Hapo ndipo pana ukubwa wa diwani hii, na hapo ndipo palipo heshima ya kweli kwa mtunzi. Mwandishi aliyeteswa hahitaji alama za bure. Akisomwa kama mgonjwa anayeonewa imani, tumemwondolea kile ambacho wafungaji wake walikiogopa, yaani uwezo wake wa kusema jambo kwa namna isiyosahaulika. Kwa mintarafu hii, hata shairi dhaifu la mfungwa liitwe dhaifu, na sababu zitolewe. Kutetea haki ya mtu kuandika si sawa na kusifu kila alichoandika.

Jambo hili halijapita

Usije ukayafundisha haya kama habari za kale. Nchini Uganda, Stella Nyanzi alifungwa kwa sababu ya shairi, akaachiliwa mwaka 2020, na baadaye akahamia Ujerumani. Kakwenza Rukirabashaija, mtunzi wa riwaya, alikamatwa zaidi ya mara moja, na mwaka 2022 naye akakimbilia huko huko. Hapa kwetu, mwezi Aprili 2025, wasichana wa Shule ya Butere walifika Nakuru kwa tamasha la kitaifa la drama na mchezo Echoes of War, ulioandikwa na Cleophas Malala. Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru waruhusiwe kuigiza. Mtunzi alikamatwa, polisi wakarusha vitoa machozi, na wasichana wakaimba wimbo wa taifa wakaondoka bila kuigiza. Hao walikuwa wanafunzi kama wako. Mwalimu anayefundisha tamthilia na asiwe na neno la kuwaambia kuhusu siku ile, anafundisha nini?

Vilevile, tunapowataja wakimbizi, tusiwataje kama "maudhui ya ukimbizi" peke yake. Ni kweli Chozi la Heri, iliyotahiniwa hadi 2022, ilitufunza kupitia kwa Ridhaa kwamba mtu aweza kuwa mkimbizi katika nchi yake mwenyewe. Lakini kumbuka kwamba katika kambi za Kakuma na Dadaab wamo vijana wanaofanya mtihani huu huu wa KCSE, siku ile ile na saa ile ile. Mkimbizi ni mtahiniwa mwenzako, na huenda shairi unalolikimbiza kwa macho yeye analielewa kwa maisha.

Namna ya kuandaa usomaji shuleni

Huhitaji fedha wala mgeni rasmi. Kipindi kimoja cha dakika arobaini chatosha, ama mkutano wa chama cha Kiswahili. Fuata utaratibu huu:

Kwanza, chagua mashairi matatu yenye miundo tofauti, mojawapo liwe la majibizano ili lisomwe na sauti mbili.

Pili, wape wasomaji siku tatu za kujiandaa. Wajue maana ya kila neno la Kimvita kabla ya kulitamka, na wasimame panapotua kipande na kina.

Tatu, yasomwe mashairi kwanza, wasifu wa mtunzi baadaye. Wasifu usizidi dakika mbili.

Nne, msikilizaji aandike sauti moja iliyomkaa sikioni na aeleze inahusianaje na maana. Hilo ndilo jibu la fani ambalo mtahini hulitafuta.

Tano, malizeni kwa hoja, si kwa makofi tu. Lipi lilikuwa zuri zaidi, na kwa nini?

Hitimisho

Tumeona kwamba usomaji wa hadharani humrudishia mwandishi hadhira aliyonyang'anywa. Tumeona pia kwamba humfunza mhakiki kusikia kile ambacho jicho hulipita, na kwamba huruma bila uhakiki humpunguza mtunzi badala ya kumtukuza. Askari waliokuwa wakilinda lango la Kamiti walihakikisha hapana asikiaye. Darasa la wanafunzi hamsini wanaosikiliza kwa makini ni jibu la kutosha kwa lango hilo. Anza na shairi moja muhula huu.

Maswali ya mjadala

1. "Arudhi si minyororo kwa mshairi aliye kifungoni." Jadili ukirejelea mashairi mawili ya Sauti ya Dhiki.
2. Eleza jinsi usomaji wa kwa sauti unavyoweza kubadilisha tafsiri ya shairi la majibizano.
3. Je, ni halali kwa mhakiki kutumia maisha ya mtunzi kuifasiri kazi yake? Toa hoja za pande zote mbili.