Karata Iliyochelewa na Sentensi Isiyosema

Nyumbani Adumi tunacheza matatu. Ukiweka ree na kudai kopa, mwenzako asiye na kopa huokota; na karata aliyookota hufungwa na dai lile lile, ingawa haikuwa mkononi mwake dai lilipotolewa. Hakuna anayelalamika, kwa kuwa sote tunajua dai linadumu.

Magic: The Gathering, mchezo wa Richard Garfield uliotoka mwaka 1993, hauko wazi hivyo. Karata zake mbili, Overrun na Glorious Anthem, huanza kwa maneno yale yale: viumbe unaowamiliki huongezewa nguvu. Overrun hutumika mara moja ikatupwa, hivyo huwahusu waliopo wakati huo tu. Atakayeingia baadaye, hata katika zamu hiyo hiyo, hapati kitu. Glorious Anthem hubaki mezani, na kila anayeingia hunufaika.

Watetezi watasema aina ya karata inatosha kueleza tofauti. Kwa mzoefu, ndiyo. Lakini mgeni husoma sentensi kabla ya kusoma kanuni. Hapa Kiswahili kina zana: "viumbe ulio nao sasa" si sawa na "kila kiumbe utakayekuwa naye". Njeo na kirejeshi vingemaliza ubishi.

Kanuni inayomnyima mtu haki kwa sababu amechelewa sharti iseme hivyo waziwazi. Anayeshindwa ana haki ya kujua kwamba ameshindwa na karata, si na lugha.