Bustani Juu ya Udongo Unaovimba

Kabla ya masika, uwanja wangu hapa Kitengela huwa na nyufa za kumeza mkono, na ardhi iliyo kati yake ni ngumu kama tofali. Wiki mbili baada ya mvua kuanza, uwanja huohuo unawavua watu viatu. Mafundi wa ujenzi wanauita udongo huu bleki kotoni, na kabla ya kumwaga msingi huuchimba wote hadi wafikie maramu au mwamba. Sisi wenye hamu ya kunde na sukuma wiki tunabaki nao.

Kwa misimu miwili mboga zangu zilikuwa za manjano, nami nikaongeza maji. Kumbe nilikuwa nikizikosesha pumzi. Chembe za mfinyanzi huu zimepangana kama kurasa: maji yakiingia katikati, kurasa zinaachana na ardhi inavimba, yakitoka, zinabanana na ardhi inapasuka. Mvua ya kwanza huzama upesi kupitia nyufa. Nyufa zikishajifunga, maji husimama juu na mizizi hukosa hewa. Udongo wenyewe si maskini; shida yake ni mwendo.

Mwendo huo una dawa ya zamani kidogo. Miaka ya 1970, watafiti wa taasisi ya kilimo ya ICRISAT huko Patancheru, karibu na Hyderabad nchini India, walifanya kazi kwenye udongo mweusi wa aina hii. Walipendekeza tuta pana la kama mita moja, pembeni yake mtaro wa nusu mita wa kuondoa maji, na mbegu zitiwe ardhini kungali kukavu. Matuta ya namna hiyo yakafika hata nyanda za juu za Ethiopia.

Nilipoyaiga, kilichoamua mambo ni tarehe. Machi jembe linadunda, Aprili linanasa. Niliinua matuta Januari, unyevu wa vuli ungalimo, bonge likivunjika kwa kupigwa mara moja. Kisha nikachanganya samadi ya mbuzi, ileile ambayo malori huibeba kutoka maboma ya Kajiado kuwapelekea wakulima wa nyanda za juu. Iache ioze vizuri kwanza. Mbuzi hula maganda ya migunga, na mbegu zilizomo hupita tumboni zikiwa hai; mwaka wa kwanza niling'oa miche mingi ya miiba kuliko magugu mengine yote.

Kunde nilizizika sentimita 5 kwenye vumbi, katikati ya Machi. Kina hicho kina sababu: rasharasha ya siku moja haifiki chini, kwa hiyo mbegu haidanganyiki ikaota na kufa juani. Terere haivumilii kuzikwa hivyo kwa udogo wa mbegu yake, nayo ikangoja mvua itulie. Tuta la kwanza kabisa nililiweka kando ya ukuta. Sitarudia. Maji ya kumwagilia yalivimbisha udongo chini ya veranda, na ufa umebaki hapo hadi leo.

Hesabu ya msimu niliitoa kibarazani, na chai, katika kitabu cha Ralph Jaetzold na Helmut Schmidt cha mwaka 1983 kuhusu kanda za kilimo za Kenya. Ni kizito, na ninakipenda. Hawakutegemea wastani wa mvua tu, maana wastani huinuliwa na mwaka mmoja wa mafuriko. Wanauliza ni mvua kiasi gani inayopatikana angalau miaka 6 kati ya 10. Kwa hesabu hiyo nilifuta mahindi kwenye mpango wangu, nikaongeza kunde.

Matope yakifunga njia na boda boda zikagoma kuingia mtaani kwetu, ninashona. Blanketi langu la kwanza la viraka lilikunjamana lote baada ya kufuliwa, na chanzo kilikuwa jamaa wa kile kilichopasua veranda: leso za pamba zilinywea, shuka ya akriliki niliyoweka chini ikabaki vilevile. Sasa kila kitambaa nakifua kwanza kwa maji moto, vitenge hasa ili wanga wa dukani utoke, nakianika, nakipiga pasi, ndipo nakata. Nafuata uzi wa kitambaa, kwa sababu kipande kilichokatwa mshazari huvutika. Mraba wa inchi 5, ukipoteza robo inchi kila upande kwenye mshono, unabaki inchi 4 na nusu. Kisha mishono ya kupenya tabaka zote tatu, isiyoachana zaidi ya shibiri moja, ili pamba ya katikati isijikusanye pembeni.

Kunde zilitoboa siku ya tano baada ya mvua kubwa, mstari mzima, na mitaro ikapitisha maji usiku kucha. Blanketi bado halina pindo. Nitalimaliza kabla ya baridi ya Julai.