Heko kwa Mafundi wa Jalisco

Mkonge wa Tanga una ndugu yake Jalisco, magharibi mwa Meksiko: agave ya buluu ya kutengenezea tequila, ambayo mkulima huingoja kwa kawaida miaka 6 hadi 8 kabla ya kuivuna. Mvunaji, jimador, huyafyeka majani ya miiba kwa chombo cha chuma cha duara chenye mpini mrefu, libaki gogo la katikati lenye uzito wa makumi ya kilo.

Kutoka hapo njia huachana. Wapo wenye viwanda wanaokamua sukari kwa mitambo ya maji moto, chapuchapu. Lakini Siete Leguas, kiwanda cha Atotonilco el Alto kilichoanzishwa mwaka 1952, bado huoka agave kwa mvuke katika tanuri za matofali, na sehemu ya mavuno husagwa kwa gurudumu la jiwe linalovutwa na nyumbu. Naam, nyumbu! Nyuzi nazo huchachushwa pamoja na maji ya agave, kisha tequila hutoneshwa mara mbili.

Sheria inataka añejo, yaani tequila iliyokomazwa, ikae angalau mwaka 1 katika mapipa ya mwaloni yasiyozidi lita 600. Extra añejo, daraja lililoongezwa mwaka 2006, hukaa angalau miaka 3.

Kinywaji hiki hakigugumiwi. Chumvi na ndimu ni za wenye haraka. Mwonjaji hunusa kwanza: vanila na karameli ya pipa, halafu, kama fundi hakuzembea, utamu wa agave iliyookwa na mchomo wa pilipili manga. Pipa likiufunika utamu huo, imebaki wiski iliyopotea njia.