Uchaguzi wa Shule ni Uhuru wa Nani?

Ipo hoja inayovaa joho la uhuru: serikali isipeleke fedha ya elimu shuleni, bali impe mzazi naye achague shule. Milton Friedman wa Marekani aliitoa mwaka 1955 kwa sura ya hati za kulipia shule. Mwaka 2011 jimbo la Arizona lilizifanya akaunti kwa watoto wenye ulemavu. Mwaka 2022 likazifungua kwa wote, tajiri kwa maskini. Yatupasa kuichambua hoja hii bila jazba.

Kwanza, mzazi ana haki ya kulalamika darasa likifurika. Ada ilipofutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, ruzuku iliwekwa kuwa Sh. 10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa msingi, na Sh. 25,000 kwa wa sekondari. Hazitoshi, na kuzitetea ni kujidanganya.

Pili, mkulima wa mahindi chini ya milima ya Matogoro akikabidhiwa Sh. 10,000 hizo, atachagua nini? Ada ya shule binafsi haikaribii. Mwenye mshahara mnono ataongezea zake na kumhamisha mwanawe; mkulima atabaki. Fedha ya umma itakuwa imemwongezea aliyenacho. Tena mtoto akihama huondoka na ruzuku yake, lakini paa linalovuja halipungui.

Tatu, Chile ilianza kulipa shule kwa kichwa cha mwanafunzi mwaka 1981, chini ya utawala wa kijeshi. Shule ndizo zikawachagua watoto. Mwaka 2015 ilibidi sheria ikataze mchujo huo, pamoja na faida na ada katika shule zinazopokea ruzuku.

Nne, mwalimu hapatikani kwa akaunti ya mzazi mmoja. Chuo cha Ualimu Matogoro huandaa walimu wa watoto wa taifa zima, wakiwamo wa wasio na chochote. Ndiyo maana ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967: elimu ijenge ushirikiano, isizae matabaka.

Lakini kada anayeikemea akaunti huku akinyamazia darasa bovu anamfanyia kazi bepari. Wajibu wetu ni kudai ruzuku iongezwe, ifike yote, na hesabu yake ibandikwe kwenye ubao wa shule ili kila mzazi aisome na kuihoji. Mzazi anapokuwa na sauti katika shule ya umma, halazimiki kuikimbia.