Uzuri wa Picha na Ubaridi wa Penzi: Tahakiki ya Filamu ya Vuta N'kuvute

Filamu ya Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa Toronto mwaka 2021, imetokana na riwaya ya Adam Shafi yenye jina hilohilo iliyochapishwa mwaka 1999. Kazi zote mbili zinahusu penzi la Denge, mwanaharakati anayepinga utawala wa Mwingereza, na Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeikimbia ndoa ya mume mzee, katika Zanzibar ya miaka ya 1950. Makala haya yanadai kwamba filamu, pamoja na uzuri wake, inamwacha mtazamaji nje ya penzi hilo, na kwamba chanzo chake ni cha kifani.

Hapana shaka kwamba picha zake zinavutia. Vichochoro vya Mji Mkongwe, mwanga hafifu wa usiku na bahari vimepigwa kwa ustadi mkubwa. Hata hivyo, kila picha imekamilika kiasi cha kujitosheleza. Wapenzi wanatazamana, nasi tunawatazama wakitazamana. Jicho linashiba, moyo haupati chake. Kusema kuwa huu ni uzuri wa mkakasi kungekuwa kuionea kazi hii, lakini methali hiyo haiko mbali.

Shafi naye anausifu uzuri wa Yasmin, ila haishii hapo. Anatuonyesha msichana aliyekataliwa na jamaa zake, akapokewa na Mwajuma kule Ng'ambo, akajifunza maisha mapya kwa taabu, utani na mazungumzo. Penzi lake kwa Denge linaota katika udongo huo. Ndiyo maana msomaji wa Ntimaru, huko Kuria mpakani mwa Kenya na Tanzania, ambaye pengine hajawahi kuiona bahari, anaelewa Yasmin amepoteza nini na anathubutu nini. Filamu inampa msomaji huyohuyo bahari yenyewe, lakini inampunguzia Yasmin.

Yupo atakayejibu kwamba ubaridi huo ni wa makusudi: chini ya jicho la polisi wa kikoloni, wapenzi hulazimika kuficha hisia zao. Hoja hii ina uzito, lakini haitoshelezi. Kinachofichwa sharti kwanza kiwepo, na mtazamaji akijue, ndipo aogope kisije kikagunduliwa. Kimya kinachotanguliwa na maneno hubeba maana. Kimya kisichotanguliwa na kitu hubaki kimya tu.

Hapa pana funzo kwa wanafunzi wa fasihi linganishi. Riwaya inapogeuzwa filamu, swali la msingi si matukio mangapi yameachwa, kwani kuacha ni lazima. Swali ni iwapo filamu imepata njia yake yenyewe ya kufanya kazi iliyofanywa na maneno. Shivji ameirejesha Zanzibar ya ukoloni machoni petu, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Penzi lililoishi ndani ya Zanzibar hiyo bado tunalipata kwa Shafi.