Nakala Inayolala Kahama

Kazi ilikuwa hii: kompyuta moja ya nyumbani hapa Bugarama, jirani na mgodi wa Bulyanhulu, yenye mafaili ya gigabaiti kama 500, ipate nakala ambayo mwizi, radi, virusi na mkono wa mtoto haviwezi kuimaliza kwa siku moja. Ndani yake mna picha za familia, hesabu za karasha (mashine ya kusagia mawe ya dhahabu), leseni ya uchimbaji mdogo iliyoskaniwa na stakabadhi za mauzo ya dhahabu. Hizo stakabadhi zimepata uzito zaidi tangu masoko ya madini yaanze, la Geita likifunguliwa Machi 2019. Siku hizi mauzo yana karatasi, na hesabu zikigongana, karatasi ndiyo inayomtetea mchimbaji mdogo.

Kuhifadhi mtandaoni kuliondolewa mapema, na hesabu ndiyo iliyoamua. Simu ikipandisha megabiti 5 kwa sekunde bila kusita, gigabaiti 500 zinataka zaidi ya siku 9, usiku na mchana, na bando litakuwa limekwisha zamani. Kisha kuna siku kama ile ya 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu chini ya bahari kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, intaneti ikazorota nchi nzima. Diski ya nje ikichomekwa kwenye tundu la USB 3.0, ambalo mara nyingi lina plastiki ya bluu ndani, inamaliza mzigo huohuo kwa saa moja na nusu hivi. Kwenye tundu la 2.0 ni kama saa nne. Kwa hiyo tundu lilichaguliwa kabla ya diski.

Diski zilinunuliwa mbili, na hapo ndipo penye uamuzi wote. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh ndiye aliyeieneza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikikaa mahali pengine. Sehemu ya aina mbili tuliiacha, kwa sababu DVD haitoshi na fleshi ni ya kubebea vitu tu. Ile moja ya mwisho haikuguswa. Diski moja inabaki nyumbani, nyingine inalala kwa dada Kahama, na zinabadilishana kila mtu wa nyumbani anapokwenda mjini. Diski inayoning'inia kwenye kompyuta saa zote inapigwa na radi ileile, inabebwa na mwizi yuleyule, na virusi vinavyofunga mafaili ili vidai fedha vinaifunga pamoja na kompyuta. Nakala ikiisha, waya unachomolewa.

Umeme ulitaka uangalifu wake. Taa hufifia karasha za jirani zinapowashwa, na tarehe 1 Aprili 2024 Gridi ya Taifa yenyewe ilizima. Diski nyingi hutoka dukani zikiwa na mfumo wa exFAT, unaosomeka karibu kila mahali lakini hauna kumbukumbu ya mabadiliko. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, orodha ya mafaili inaweza kubaki imevurugika. NTFS hujiandikia kwanza mabadiliko inayotaka kuyafanya kwenye orodha hiyo, hivyo umeme ukirudi inajua ilipoishia. Faili lililokuwa linaandikwa laweza kupotea, lakini orodha ya mengine inabaki salama. Kwa mji wenye umeme kama wetu, diski ya Windows ifomatiwe NTFS kabla haijapokea faili hata moja.

Kukopi kulifanywa kwa Robocopy, programu iliyomo ndani ya Windows, kwa amri hii, D ikiwa ya kompyuta na F diski ya nje:

robocopy D:\Nyumbani F:\Nyumbani /E /R:1 /W:1 /LOG:C:\nakala.txt

/E inachukua folda zote pamoja na zilizo tupu. Mafaili ambayo hayajabadilika yanarukwa, kwa hiyo baada ya mara ya kwanza kazi ni ya dakika chache tu. /R na /W zinaonekana ndogo, kumbe ndizo zinazookoa usiku. Usipoziandika, Robocopy ikikutana na faili lisilosomeka hulijaribu tena mara 1,000,000, ikisubiri sekunde 30 kila mara. Hiyo ni karibu mwaka mzima kwa faili moja bovu, na mengine yote yanasubiri nyuma yake.

Angalia pia alama ambayo haimo: /MIR. Mafundi wengi huipendekeza kwa sababu inaifanya diski ifanane kabisa na kompyuta. Nami naipinga kwa nguvu. Inafuta kwenye diski chochote kisichokuwepo kwenye kompyuta, maana yake folda iliyofutwa kwa bahati mbaya Jumatatu inafutwa na kwenye nakala Jumanne. Gharama ya kuiacha ni takataka kujazana kwenye diski. Diski ikijaa, mtu akae asafishe kwa mkono, akijua anachokitupa.

Sehemu inayodharauliwa ni kurudisha. Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab ilifuta hifadhidata yake yenyewe kwa makosa, ikagundua kuwa kati ya mbinu tano za nakala ilizojiwekea hakuna iliyokuwa ikifanya kazi ipasavyo. Moja ilikuwa inashindwa kimyakimya, kwa sababu barua pepe za kutoa taarifa ya hitilafu zilikuwa zinakataliwa njiani. Waliokolewa na nakala ya takriban saa 6 nyuma, iliyochukuliwa kwa shughuli nyingine. Kwa hiyo diski inayorudi Kahama hufunguliwa kwanza kwenye kompyuta ya dada: stakabadhi moja isomwe hadi tarakimu ya mwisho, video moja ichezwe hadi mwisho, na ripoti ya Robocopy, C:\nakala.txt, isomwe nyumbani kabla waya haujachomolewa.

Pengo lililobaki ni simu, ambako picha nyingi za nyumba hii huzaliwa. Ikichomekwa kwa waya, simu haipewi herufi ya diski kama D au F, basi Robocopy haiioni kabisa. Picha zake zinahamishwa kwa mkono kwenda D:\Nyumbani kwanza, ndipo amri ipigwe.