Kozi ya dola 40 yenye kupanda mahindi mwezi wa tano

Kuna kozi ya mahindi inazunguka katika makundi yetu ya WhatsApp: dola 40 kwa mtu, na cheti mwishoni. Wengi munaniuliza kama inafaa kununuliwa. Nilipewa nafasi ya kuipitia yote, somo kwa somo. Jibu langu ni hapana. Lakini juu ya nini hapana, ndiyo iko na faida kujua, sababu kesho italetwa ingine.

Picha ni nzuri, sauti ni safi, na Kifaransa cha ule anayefundisha kinapendeza. Sasa fika somo la kalenda. Wameandika: panda Aprili mpaka Mei. Huku kwetu Lubumbashi! Mvua yetu inashika vizuri Novemba, inakatika kuelekea Aprili. Mwezi wa tano shamba ni vumbi. Kijana asiye na maji ya kumwagilia akifuata somo ile, mbegu aliyokopa pesa kuinunua itakaukia katika udongo. Ni wazi kozi ilitungwa kwa nchi za kaskazini ya dunia, kisha ikabandikwa neno "Afrika" juu.

Na udongo je? Sikupata hata mstari mmoja juu ya asidi. Udongo mwekundu wa Katanga mara mingi iko na asidi, fosfori inafungwa na chuma na alumini. Mkulima anamwaga mbolea, mahindi yanabaki mafupi, anasema mbolea ni ya uongo. Chokaa, ambayo sisi wa agronomia tuliisikia mpaka kuchoka, haimo. Viwavijeshi vilivyotoka Amerika na kuonekana Afrika mwaka 2016 havimo pia, na kila mtu anayekula bukari hapa anavijua.

Maswali ya mwisho ndiyo yalinimaliza. Kwa hiyo ushauri: anza na yale. Kama mama anayeuza mahindi katika soko ya komine Kenya anaweza kuyajibu yote bila kufungua somo hata moja, unauziwa cheti tu.

Kwa bale wa mashirika wanaotaka kununua kozi nzima na kuiweka kwao, ulizeni imetengenezwa na programu gani. Mara mingi muuzaji anawapa paketi ya SCORM. Itacheza vizuri ndani ya Moodle, lakini kurekebisha maneno ndani yake ni shida, sababu faili ya asili inabaki kwake. Na kama alitumia Storyline ya Articulate, hata akiwapa ile faili, kuifungua kunaomba leseni ya zaidi ya dola 1000 kwa mwaka kwa mtu mmoja. Kozi iliyotungwa kwa H5P, ambayo ni ya bure sawa na Moodle yenyewe, munaifungua, munafuta Aprili, munaandika Novemba, kazi imeisha. Muuzaji akikataa kutoa faili inayorekebishika, bei ishuke sana ao muache.

Jaribuni pia katika simu ya kawaida. Pakua somo moja, zima mega, uone kama bado inafunguka. Kozi ya kilimo isiyofunguka shambani, ni ya nani?

Kabla ya kutoa pesa, pitieni masomo ya FAO kwenye mtandao: ni ya bure, na mengine iko kwa Kifaransa. Nayo haiwezi kuwaambia siku ya kupanda Kipushi ao Kasenga, yaliandikwa kwa dunia nzima. Ila hayakuombi dola 40.

Muuzaji wa kozi ya mahindi nilimwandikia juu ya Aprili na Mei, nikamuomba faili ya asili. Alinijibu siku ileile: cheti iko na muhuri ya rangi.